Mwafrika Aliyeitawala Roma: Siku Moja na Septimius Severus

 Niko Roma kwa mwaka mmoja wa masomo ya kubadilishana, na safari hii siandiki habari za baridi wala bei ya chakula. Nataka niwasimulie maisha ya mtu aliyezaliwa Afrika akaja kuitawala Roma kwa karibu miaka 18. Jina lake Septimius Severus.

Kwa nini yeye? Wanafunzi wa Afrika Mashariki tulioko hapa tumekubaliana kwenda pamoja kwenye magofu ya Foro Romano, ule uwanja uliokuwa moyo wa Roma ya kale, na kazi ya kupanga ziara imeniangukia mimi. Nikaulizia kwa waongoza watalii kadhaa. Kila mmoja akanitumia ratiba ile ile: Colosseum, habari za wapiganaji na simba, mahali mwili wa Julius Caesar ulipochomwa, picha ya pamoja, kwaherini. Severus hakuwemo, wakati tao lake ni kati ya majengo yaliyosimama vizuri zaidi pale uwanjani. Nikasema basi, ratiba naiandika mwenyewe, na itafuata maisha ya mtu mmoja tangu kuzaliwa mpaka kufa. Mwongozaji tutamlipa, maana sheria ya Italia inataka anayefanya kazi hiyo awe na leseni, lakini njia itakuwa yetu.

Siku niliyochagua ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo kiingilio ni bure kwa wote. Siku nyingine vijana wa Umoja wa Ulaya wanapewa punguzo kubwa, sisi wenye pasipoti za kwetu tunalipa bei ya mtu mzima. Foleni itakuwa ndefu, hilo najua, lakini hela tutakayookoa ndiyo itakayomlipa mwongozaji. Boom halina huruma, nyie mnalijua.

Kituo cha kwanza ni kilima cha Celio, hatua chache kutoka Colosseum. Ziara yoyote huanza na ramani, na Severus ametuachia ya kwake. Aliamuru mji mzima wa Roma uchorwe kwenye marumaru, vipande 150 vilivyopigiliwa ukutani, upana mita 18 na urefu wa kwenda juu mita 13. Nyumba, maduka, hata ngazi zimechongwa mle. Kilichobaki leo ni kama sehemu moja ya kumi. Tangu Januari 2024 vipande hivyo vimelazwa chini ya sakafu ya kioo kwenye jumba la makumbusho hapo Celio, na mtazamaji anatembea juu yake.

Tukiwa tumesimama juu ya ramani hiyo ndipo tutakaposimuliwa alikotoka. Alizaliwa Aprili 145 mjini Leptis Magna, bandari ya pwani ya Libya ya leo, mashariki ya Tripoli. Mji huo ulianzishwa na Wafoinike, wafanyabiashara wa baharini, na ukatajirika kwa mafuta ya zeituni. Lugha ya huko ilikuwa Kipuniki, lugha ya wale wafanyabiashara. Kilatini ilikuwa lugha ya shule na ya vyeo. Inasimuliwa kwamba lafudhi ya kwao haikumtoka mpaka uzeeni, na kwamba dada yake alipomtembelea Roma, Kilatini chake kibovu kilimtia kaka mtu aibu hadi akamrudisha nyumbani na zawadi. Ambaye hajawahi kuchekwa darasani kwa Kiingereza chake anyooshe mkono.

Familia yake haikuwa ya wanyonge. Jamaa zake wawili walishafika ukonsuli, cheo cha juu kabisa chini ya kaisari. Kijana akaenda Roma, akaingia Baraza la Seneti enzi za Marcus Aurelius, kisha akapanda ngazi moja moja kwa miaka zaidi ya ishirini, leo Hispania, kesho Syria, keshokutwa Gallia. Mke wake wa kwanza, wa kwao Leptis, alifariki. Mwaka 187 akamwoa Julia Domna wa Homs, Syria, mwanamke msomi aliyependa kukaa na wanafalsafa. Wakapata watoto wawili wa kiume, Caracalla mwaka 188 na Geta mwaka 189. Hayo majina mawili yashikeni vizuri.

Kituo cha pili ni tao lenyewe, ndani ya Foro Romano. Kwa wenzangu: vaeni viatu vya kufunga, mawe ya ile barabara ya kale yana mashimo na yanateleza. Chupa ya maji mbebe tupu, mabomba ya maji ya kunywa yapo mjini kote.

Hapa tutasimuliwa alivyopanda kitini. Usiku wa mwisho wa mwaka 192 Kaisari Commodus alinyongwa. Pertinax aliyemfuata hakumaliza hata miezi mitatu. Walinzi wa kaisari wakamuua, halafu wakakipiga mnada kiti chenyewe. Ndiyo, mnada! Tajiri mmoja, Didius Julianus, akapanda dau na kukichukua. Severus wakati huo alikuwa anaongoza majeshi ya mto Danube, upande wa Austria ya leo. Askari wake wakamtangaza kaisari tarehe 9 Aprili 193, naye akaelekea Roma. Kabla hajafika Julianus alishauawa. Severus akawaita wale walinzi nje ya mji bila silaha, akawazungushia majeshi yake, akawavua vyeo na kuwafukuza wote. Nafasi zao akawapa askari wa kwake.

Bado kulikuwa na wapinzani wawili. Pescennius Niger alishindwa mashariki mwaka 194. Clodius Albinus, Mwafrika mwenzake kutoka Tunisia ya leo, alishindwa karibu na Lyon, Ufaransa, Februari 197. Baada ya hapo maseneta 29 waliomuunga mkono Albinus waliuawa. Mwaka uliofuata Severus aliuteka Ctesiphon, mji mkuu wa Waparthi ulio karibu na Baghdad ya leo, na ushindi huo ndio uliojengewa tao hili mwaka 203.

Sasa hapa kwenye tao nimepanga tukae dakika ishirini nzima. Juu kuna maandishi makubwa yanayomsifu Severus na wanawe. Mstari wa nne si wa asili. Awali ulikuwa na jina la Geta. Herufi zake za shaba zilibanduliwa, jiwe likachongwa upya, wakajaza sifa za ziada za wale wawili waliobaki. Lakini matundu ya misumari ya zile herufi za kwanza yalibaki, na kwa matundu hayo wasomi wameweza kusoma kilichofutwa.

Ilikuwaje? Jibu liko kituo cha tatu, kilima cha Palatino, ambako nguzo na matao ya matofali ya jumba la Severus bado yanatazama chini kwenye uwanja wa mbio za farasi. Hapa tutazungumzia utawala wake. Aliwapandishia askari mshahara na kuwaruhusu kuishi na wake zao, jambo lililokatazwa zamani. Ili apate hela za kulipa, alipunguza fedha halisi kwenye sarafu ya dinari, na makaisari waliomfuata wakaendelea na mchezo huo mpaka sarafu ikakosa thamani. Wa uchumi mnaweza kumaliza hadithi hiyo wenyewe. Wa sheria nao wana lao: mkuu wa walinzi wake tangu mwaka 205 alikuwa Papinianus, mmoja wa wanasheria wakubwa kuliko wote wa Roma.

Alikufa tarehe 4 Februari 211 mjini York, Uingereza, alikokuwa akipigana na makabila ya kaskazini, kwenye Scotland ya leo. Majivu yake yakaletwa Roma na kuwekwa kwenye kaburi la Hadrian, lile jengo la duara linaloitwa sasa Castel Sant'Angelo. Wosia wake kwa wanawe, kwa maelezo ya mwanahistoria Cassius Dio aliyekuwa seneta wakati huo, ulikuwa mfupi: wapatane, wawatajirishe askari, wengine wawapuuze. Ule wa askari waliufuata. Ule wa kupatana uliishia Desemba mwaka huo huo, pale Caracalla alipofanya Geta auawe mikononi mwa mama yao. Kisha amri ikatoka jina la Geta lifutwe himaya nzima. Papinianus naye aliuawa muda si mrefu baadaye, na inasimuliwa kwamba kosa lake lilikuwa kukataa kuandika utetezi wa mauaji ya ndugu kwa ndugu.

Kituo cha nne hakina kitu, na nimekiweka makusudi. Kwenye pembe ya kusini-mashariki ya Palatino, Severus alijenga ukuta wa mapambo wa ghorofa kadhaa wenye nguzo na chemchemi, Septizodium. Inasemekana aliutaka uwe kitu cha kwanza kuonwa na wageni watokao Afrika kwa barabara ya Appia. Ulidumu miaka zaidi ya 1,300. Mwaka 1588 Papa Sixtus V akaamuru mabaki yabomolewe, mawe yakaenda kujengea kwingine.

Kituo cha mwisho ni nje, hakina kiingilio: lango dogo la wabadilisha fedha, lililoshikamana na kanisa la San Giorgio in Velabro. Lilijengwa mwaka 204 kwa heshima ya familia ya kaisari, na ndani yake familia imechongwa ikitoa sadaka. Upande mmoja wamo Severus na Julia Domna, na pembeni yao jiwe tupu alipokuwa Geta. Upande wa pili Caracalla yuko peke yake. Aliyekuwa mkewe, Plautilla, na baba mkwe wake, Plautianus, wamefutwa. Hakuna maelezo marefu yanayohitajika hapo. Picha ya familia imebaki na mapengo.

Tulipojadili ratiba hii kwenye kikao, mmoja wetu alitaka tuchapishe fulana zenye picha ya kaisari mweusi. Nilimwelewa. Kuna picha ya kuchorwa ya enzi zake, iliyotoka Misri na sasa iko Berlin, inayomwonyesha Severus na rangi ya kahawia, mvi na ndevu. Na hata humo uso wa mtoto mmoja umekwanguliwa. Lakini upande wa baba asili yao ilikuwa ya Kipuniki, upande wa mama inaaminika ni ya Italia, na yeye mwenyewe nadhani angejitambulisha kwanza kama mtu wa Leptis. Mwingine akasema tumwache, eti ni muuaji tu, hatufai. Msimamo wangu kwa wote wawili ni mmoja. Tukichagua ya kutufurahisha na kufuta mengine, tutakuwa tumeshika patasi ile ile ya Caracalla. Mwafrika huyu alijifunza lugha ya wakubwa, akawashinda kwenye mchezo wao, akaupamba mji wa kwao kwa bandari na uwanja mpya, akaua maseneta, akashindwa kupatanisha watoto wake. Yote yaingie kwenye ziara.

Na hili halihusu Roma pekee. Sisi tunaoandika historia za vyama vyetu na serikali zetu za wanafunzi tunajua jinsi jina la aliyeshindwa linavyopotea kwenye taarifa ya mwaka unaofuata. Jiwe la Roma linafundisha kwamba ukifuta, unabakiza shimo, na shimo lina umbo la ulichokifuta.

Ziara kamili ingetupeleka Leptis Magna kwenyewe, ambako magofu ya mji wake ni makubwa ajabu. Yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1982, lakini mwaka 2016 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya yaliyo hatarini kwa sababu ya vita vya Libya. Kwa hiyo kwa sasa tunamtembelea mtu wa Afrika kwa kupitia Ulaya, na ikifika siku njia ya Libya ni salama, ratiba ya huko naiandika bila kuombwa.