Friedrich Fröbel: Mtunza Bustani ya Watoto

Samaki mkunje angali mbichi, hunena wahenga, na wengi wetu tumeutumia msemo huu katika insha zetu za ualimu pasi na kuusaili. Mja ambaye aushi yake tunaidurusu katika makala haya angeukataa bila kusita. Kwake yeye, mtoto hakuwa samaki wa kukunjwa bali mche. Mche haukunjwi, hupaliliwa, hutiliwa maji, ukamea kwa tabia yake wenyewe. Mja huyo ni Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeuasisi mfumo wa elimu ya chekechea.

Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, eneo la Thuringia. Babake alikuwa mchungaji wa Kilutheri aliyelemewa na shughuli za usharika. Mamake aliaga dunia kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Baba akaoa tena, na mama wa kambo alipojaliwa mwanawe mwenyewe, akampa Friedrich kisogo. Mvulana huyu alikulia katika nyumba iliyojaa watu lakini isiyokuwa na wa kucheza naye. Mwenzi wake akawa ni bustani. Alipofika umri wa miaka 10, mjombake aliyeishi mji wa Stadtilm alimchukua, na hapo ndipo alipoonja malezi yenye upole. Yamkini hakuna sehemu ya maisha yake inayoeleza kazi yake ya baadaye kuliko hii.

Ujana wake ulikuwa wa kutangatanga. Alijifunza kazi ya misitu, akajiunga na Chuo Kikuu cha Jena mwaka 1799, na akafungwa katika gereza la chuo hicho kwa deni aliloshindwa kulilipa. (Wanafunzi wenzangu wanaosumbuliwa na karo watamwelewa.) Mnamo 1805 alikwenda Frankfurt akinuia kusomea usanifu wa majengo, akaishia kupewa darasa katika shule moja. Aliposimama mbele ya watoto alijihisi kama samaki aliyerejeshwa majini. Kati ya 1808 na 1810 aliishi Yverdon, Uswisi, kwa mwalimu mashuhuri Pestalozzi. Alimhusudu mzee huyo, ila aliona kwamba masomo yake hayakuunganishwa na uzi mmoja. Uzi huo aliutafuta kwingine: alisomea elimu ya madini mjini Berlin, akastaajabia jinsi fuwele zinavyokua kwa kufuata kanuni ya ndani.

Vita dhidi ya Napoleon vilimwita jeshini mwaka 1813. Humo alikutana na Langethal na Middendorff, marafiki waliomwandama hadi mwisho. Mwaka huohuo ndugu yake Christoph alifariki, akaacha mayatima. Fröbel aliacha kazi yake katika jumba la madini la Berlin na mnamo 1816 akaanzisha shule kwa ajili ya wapwa na watoto wa nduguze, wachache mno, iliyohamia Keilhau mwaka uliofuata. Mkewe, Wilhelmine, aliyeolewa mwaka 1818, aliiacha starehe ya Berlin akaja kuishi katika ufukara wa Keilhau. Kitabu chake kikuu kuhusu malezi ya mwanadamu kilitoka mwaka 1826. Tukiri kwamba si kitabu rahisi kusoma. Mawazo yake yana ukungu mwingi wa falsafa. Serikali nayo iliishuku shule, wanafunzi wakapungua, madeni yakaongezeka.

Alikuwa amekwisha kutimu miaka 55 alipoanza kazi inayomfanya akumbukwe. Mwaka 1837, katika mji wa Blankenburg, alitengeneza vifaa vya kuchezea alivyoviita zawadi: kwanza mipira laini ya sufu yenye rangi mbalimbali, kisha tufe na mchemraba wa mbao, halafu mchemraba uliogawanywa vipande vinane ambavyo mtoto angeweza kuvibomoa na kuviunda upya. Wakati ambapo mchezo ulionekana kuwa upotezaji wa muda, yeye aliuona kuwa ndiyo kazi ya mtoto. Aliongeza nyimbo, michezo ya vidole, na vitalu vya mboga na maua ambavyo watoto walivitunza wenyewe.

Wilhelmine alifariki mwaka 1839. Mwaka uliofuata Fröbel alikipa chuo chake jina lenye maana ya bustani ya watoto. Waingereza walilichukua neno hilo la Kijerumani zimazima. Sisi hatukulitafsiri wala kulitohoa: tunasema chekechea, na Watanzania walizoea pia kusema shule ya vidudu. Neno letu linamtaja mtoto, lao linataja mahali anapokuzwa. Wanaleksikografia wetu wana la kujadili hapo.

Fröbel alishikilia kuwa wanawake wapewe mafunzo rasmi ya kazi hii, jambo lililowakera wengi. Pigo lilikuja Agosti 1851: serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule hizo, ikizituhumu kuwa zinaeneza ukafiri na ujamaa. Sababu mojawapo ilikuwa mkanganyo wa majina, kwani maandishi ya kimapinduzi ya Karl Fröbel, mwana wa nduguye, yalibebeshwa mzee wa watu. Alijitetea, alimwandikia mfalme, hakusikizwa. Kosa lilikuwa wazi, lakini serikali haikuwa tayari kulikiri.

Alifariki tarehe 21 Juni 1852 huko Marienthal, marufuku ikingali inatekelezwa. Mjane wake, Luise Levin, aliyemwoa mwaka mmoja tu kabla, aliiendeleza kazi, naye Bertha von Marenholtz-Bülow akaitetea mbele ya wakuu na kuitangaza Uingereza na Ufaransa. Marufuku iliondolewa mwaka 1860. Kufikia wakati huo, Margarethe Schurz alikuwa amekwisha kufungua chekechea huko Watertown, Marekani, mwaka 1856. Kaburi la Fröbel lipo Schweina. Juu yake wafuasi wake walisimamisha mchemraba, mcheduara na tufe, vyote vya mawe.