Nearest Green: Mtumwa Aliyemfundisha Jack Daniel Kazi

Kusini mwa Tennessee, nchini Marekani, kuna mji mdogo uitwao Lynchburg. Jina la mji huo limefika pembe nyingi za dunia likiwa limeandikwa kwenye chupa ya wiski, pamoja na jina la Jack Daniel aliyeanzisha kiwanda chake. Hata hivyo, kwa muda wa zaidi ya karne moja, ni watu wachache sana nje ya mji ule waliomfahamu mtu aliyemfundisha Jack Daniel kazi hiyo. Mwalimu huyo alikuwa Nathan Green, maarufu kwa jina la Nearest. Alikuwa Mwafrika wa Marekani, na alipoanza kumfundisha mwanafunzi wake alikuwa mtumwa.

Kuhusu utoto wa Nearest hatuna mengi ya kusimulia, na sababu yake yatupasa kuijua. Katika hesabu za watu za serikali ya Marekani za mwaka 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao. Karani aliandika umri, jinsia na rangi ya mtumwa, lakini jina lake hakuliandika. Mtu aliweza kuishi miaka arobaini, akafunga ndoa, akazaa watoto na kuwa fundi wa kutegemewa, na bado daftari la serikali likamtaja kama tarakimu tu.

Tunachojua ni kwamba, katikati ya karne ya 19, Nearest alikuwa akifanya kazi katika shamba la Dan Call, karibu na Lynchburg. Call alikuwa mwenye duka na mhubiri wa Kilutheri, na shambani mwake alikuwa na mtambo wa kukeneka wiski. Nearest hakuwa mali ya Call. Alikodishwa kwake na wamiliki wake. Kwa hiyo alitoka jasho kila siku, lakini ujira wa jasho lile ulikwenda mikononi mwa wengine.

Kazi yenyewe ilihitaji maarifa mengi. Mahindi husagwa na kupikwa kwa maji, kisha huchanganywa na kimea cha shayiri ili wanga ugeuke kuwa sukari. Chachu hutiwa, na mchanganyiko huachwa uumuke kwa siku kadhaa. Baada ya hapo huchemshwa katika mtambo. Kwa kuwa kileo hugeuka mvuke kabla ya maji, mvuke ule hukusanywa na kupozwa hadi uwe kinywaji kikali. Fundi lazima ajue ni matone yapi ya mwanzo ya kumwagwa, yapi ya kuhifadhiwa, na ni wakati gani wa kusimamisha kazi. Katika mitambo ya mashambani, pua, ulimi na jicho vya fundi ndivyo vilivyoamua mengi ya hayo.

Wiski ya Tennessee ni ndugu wa karibu wa ile ya Kentucky iitwayo bourbon. Zote mbili hutokana hasa na mahindi, na zote huhifadhiwa katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyochomwa kwa ndani. Tofauti yao kubwa ni hatua moja: wiski ya Tennessee, kabla ya kuingia katika pipa, huchujwa tone kwa tone kupitia mkaa wa mti uitwao mepo. Mkaa huo huondoa ukali na kulainisha ladha. Nearest aliifahamu vema njia hiyo, na ndiyo aliyomrithisha mwanafunzi wake.

Mwanafunzi huyo alifika shambani kwa Call akiwa bado mtoto. Mama yake alikuwa amefariki muda mfupi baada ya kumzaa, na baba yake alifariki wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Jack alianza kwa kazi ndogondogo, lakini macho yake yalivutwa na moshi wa mtambo. Inasimuliwa kwamba Call mwenyewe alimpeleka kwa Nearest, akimtambulisha kama fundi bora kuliko wote aliowajua, na akamwomba amfundishe kijana yule yote anayoyajua. Ndipo mtoto mweupe aliye huru alipokaa kujifunza miguuni pa mtu mweusi asiye huru.

Vita vilikwisha mwaka 1865, na mwezi Desemba mwaka huohuo katiba ya Marekani ilirekebishwa ili kuukomesha utumwa nchi nzima. Inasimuliwa pia kwamba Call, akishinikizwa na waumini wenzake walioona mahubiri na biashara ya pombe haviendani, aliamua kuiacha biashara hiyo. Jack Daniel aliichukua, na aliyemweka kuwa mkuu wa kutengeneza wiski yake alikuwa Nearest Green. Safari hii mwalimu alifanya kazi akiwa mtu huru mwenye kulipwa. Yeye na mkewe Harriet walijaliwa watoto wengi, na baadhi ya wana wao, wakiwemo George na Eli, walifuata kazi ya baba yao katika kiwanda hichohicho.

Ipo picha ya zamani, iliyopigwa mwanzoni mwa karne ya 20, inayomwonesha Jack Daniel akiwa na wafanyakazi wake. Pembeni yake kabisa ameketi mwanamume mweusi, anayeaminika kuwa George, mwana wa Nearest. Katika Tennessee ya nyakati zile, ambako sheria za ubaguzi ziliwatenga weusi na weupe, kuketi namna ile halikuwa jambo dogo.

Jack Daniel alifariki mwaka 1911. Jina lake lilibaki kwenye chupa, na jina la mwalimu wake likabaki vinywani mwa wazee wa Lynchburg. Mwaka 1967 kitabu cha maisha ya Jack Daniel kilimtaja Nearest mara nyingi, lakini umma haukushtuka. Ni mwaka 2016, kiwanda kilipokuwa kikiadhimisha miaka 150, ndipo gazeti la New York Times lilipoifikisha habari hii kwa walimwengu. Mwandishi mmoja, Fawn Weaver, alikwenda Lynchburg kukusanya nyaraka na masimulizi ya wajukuu. Mwaka 2017 kampuni ilimtambua rasmi Nearest Green kuwa mkuu wake wa kwanza wa utengenezaji. Wakati huo baadhi ya wazao wake walikuwa bado wameajiriwa humo.

Watu wa Lynchburg walimwita Mjomba Nearest. Kwetu sisi mjomba ni jina la heshima na la damu. Kusini mwa Marekani weupe wengi waliwaita hivyo wazee weusi ili wasilazimike kuwaita Bwana, kama walivyowaita wenzao. Huenda katika nyumba ya Jack Daniel neno lile lilibeba upendo wa kweli. Hata hivyo, upendo wa nyumbani haukutosha kuliingiza jina la mzee huyu katika kumbukumbu za hadharani.

Mpendwa msomaji, madhara ya ulevi tunayajua, na simulizi hii hailengi kukisifu kinywaji. Inahusu kazi na haki ya aliyeifanya. Wazee wetu walituusia kwamba mnyonge, hata akinyongwa, apewe haki yake. Nearest Green aliipata haki ya jina lake akiwa amekwisha kulala kaburini miaka mingi. Katika nyumba zetu, mashamba yetu na ofisi zetu wapo pia wanaotufundisha na kutubeba, nao majina yao hatuyataji mbele ya wageni. Hao wangali hai, na shukrani yetu bado yaweza kuwafikia.