Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Hapo kale barabara ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ilipo leo Tabora, ikafika Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Mwendo wake ni kama kilomita 1,200. Wapagazi waliokwenda bara walichukua nguo, shanga na waya. Misafara iliyorudi pwani ilichukua pembe za ndovu, na mara nyingi watumwa waliofungwa minyororo. Mtoto wa Cheyo aendaye shuleni leo hukanyaga nchi ile ile waliyoikanyaga wao. Katika barabara hiyo alipita kijana mmoja ambaye mwenyewe aliwahi kuuzwa. Jina lake Adrian Atiman.

Atiman alizaliwa kama mwaka 1866 karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa angali mtoto, wateka watu walimnyakua, wakamvusha jangwa la Sahara mpaka Aljeria, wakamwuza kama auzwavyo mbuzi. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimnunua, si ili awe mtumwa wao, bali wapate kumweka huru. Wakamsomesha. Mkuu wao, Kadinali Lavigerie, alifungua chuo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881. Humo vijana wa Kiafrika waliokombolewa walifundishwa uganga, ili waende kuwatibu Waafrika wenzao. Atiman alisoma huko mpaka mwaka 1888, akawa mganga.

Mwaka huo huo alivuka bahari mpaka Unguja, kisha akaishika njia ya bara kwa miguu pamoja na msafara wa mapadre. Fikirini, wanafunzi, moyo wake ulikuwaje. Alipokuwa mtoto alipelekwa katika msafara kwa nguvu, naye hana wa kumtetea. Sasa alikwenda katika msafara kwa hiari yake, naye amechukua dawa. Watumwa walishuka pwani wakilia. Yeye aliyekuwa mtumwa alipanda bara apate kuponya.

Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa watu waitwao Wabende. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kama yao, lakini alikuwa mgeni kwao kama Mzungu, maana kwao kulikuwa mbali sana, wala hakuijua lugha yao. Basi hakujitenga nao. Alijifunza maneno yao, akaoa mke wa nchi hiyo, Agnes Wansahira, wa ukoo wa watawala wa Wabende. Tena hakuzidharau dawa za wenyeji. Aliziuliza na kujifunza miti na mizizi yao, akaitumia pamoja na dawa alizofundishwa Malta.

Kazi zake zilikuwa mbili: kutibu na kufundisha dini. Wenye homa waliletwa kwake, na wenye vidonda, na wenye malale, ugonjwa ulioua watu wengi katika nchi za ziwa. Kazi ya namna hiyo haina mwisho: aliyepona leo huenda zake, na kesho mwingine yupo mlangoni. Atiman aliifanya mwaka baada ya mwaka. Aliona utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na wapagazi wakaiacha barabara ya kale. Yeye hakuiacha kazi yake. Mwanawe Joseph alipata upadre mwaka 1923.

Atiman alikufa Karema mwaka 1956, baada ya kuwatumikia watu wa huko miaka 67. Aliyenyang'anywa wazazi na nchi yake angaliweza kuwachukia watu wote. Lakini hakuwalipa wengine ubaya aliotendewa yeye. Alijua maumivu ya mtu asiye na msaada ugenini, na kwa sababu hiyo yeye mgeni akawa msaada wa wenyeji.