Sholes: Jamaa aliyepanga herufi unazobonyeza kila siku

Safu ya juu ya herufi kwenye kibodi huanza na Q, W, E, R, T, Y. Iko hivyo kwenye saiba za Migori mjini na Homa Bay, kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Rongo, na hata kwenye simu iliyo mfukoni mwako. Jamaa aliyeanzisha mpangilio huo alifariki mwaka 1890, miaka 11 kabla ya reli kufika Kisumu. Aliitwa Christopher Latham Sholes. Mashine yake ndiyo iliyotuletea pia kitufe ambacho wengi wetu hukitumia kuandika herufi kubwa tu, ilhali kinaweza kukuokolea muda na pesa: Shift.

Sholes alizaliwa Februari 14, 1819, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Akiwa bado kijana mdogo alijifunza kazi ya uchapishaji, kisha akahamia Wisconsin ambako alikuwa mhariri wa magazeti na baadaye mwanasiasa. Alikuwa miongoni mwa waliopigania kufutwa kwa hukumu ya kifo katika jimbo hilo, na sheria hiyo ikapita mwaka 1853. Baadaye akawa afisa wa forodha katika bandari ya Milwaukee, kazi kama ya wale maafisa unaowaona mpakani Isebania.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Jioni alikuwa akishinda kwenye karakana moja mjini humo, na akiwa na mwenzake Samuel Soule alitengeneza mashine ya kupiga nambari kwenye kurasa. Rafiki yao, Carlos Glidden, akawauliza kwa nini isiandike na herufi pia. Swali hilo lilibadilisha maisha yake. Juni 23, 1868, watatu hao walipewa hataza ya taipureta yao.

Mashine ile ya kwanza ilikuwa na vitufe kama vya piano, na ilikuwa na shida si haba. Vyuma vyake vya herufi vilikuwa vikigongana na kukwama. Sholes alihangaika miaka kadhaa akihamisha herufi huku na kule, huku mfadhili wake, James Densmore, akiwapelekea waandishi mashine wazijaribu. Wengi husema herufi zilitawanywa ili vyuma visikwame; wanahistoria wengine wanasema maoni ya wapokeaji wa simu za maandishi yalichangia. Hadi leo mjadala haujaisha.

Mwaka 1873 haki za mashine hiyo zilienda kwa kampuni ya Remington, iliyokuwa ikiunda bunduki na cherehani. Inasimuliwa kwamba Sholes alichukua dola 12,000 mara moja na kuondoka. Densmore alikubali kulipwa kidogo kidogo kwa kila mashine itakayouzwa, na mwishowe akavuna pesa nyingi kuliko mvumbuzi mwenyewe.

Taipureta hiyo iliingia sokoni mwaka 1874 kwa dola 125. Iliandika herufi kubwa pekee! Kila barua ilionekana kama mtu anapiga kelele. Ungedhani dawa ni kuongeza vitufe vingine vya herufi ndogo. Mwaka 1878 Remington ilitoa mashine ya pili iliyokuwa na ujanja tofauti: kitufe cha Shift, kilichosogeza mashine ili kitufe kilekile kipige herufi kubwa au ndogo. Kitufe kimoja, kazi mbili.

Ujanja huo ndio unaotumika kwenye njia za mkato za kompyuta leo, na nyingi hazijulikani. Umeandika CV nzima kwa herufi kubwa kimakosa? Usiifute. Kwenye Word, chagua maandishi kisha bonyeza Shift na F3. Yatageuka kuwa madogo. Umefunga ukurasa wa fomu kwenye kivinjari bila kutaka? Ctrl, Shift na T huurudisha, ingawa huenda ukalazimika kujaza tena. Unataka picha ya sehemu tu ya skrini, tuseme risiti ya malipo? Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kitufe cha Windows, Shift na S, chora eneo lako, kisha ibandike kwa Ctrl na V. Ukinakili kitu kutoka mtandaoni na kikaja na rangi na maandishi makubwa ya ajabu, kwenye Google Docs tumia Ctrl, Shift na V. Kitaingia kikiwa safi.

Mbili ni za usalama, hasa ukiwa kwenye kompyuta ya saiba. Kabla ya kuingia eCitizen au barua pepe kwa Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na N. Ukifunga madirisha hayo yote ukimaliza, kivinjari hakitabaki na historia yako wala kukuacha ukiwa bado umeingia. Ila faili ulizopakua hubaki, na nakala ya kitambulisho chako si kitu cha kuachia mteja anayefuata. Ichague, bonyeza Shift na Delete, na haitapitia kwenye pipa la taka. Hakikisha tu una nakala yako, maana kuirudisha si rahisi.

Sholes naye hakuridhika na kazi yake. Aliugua kifua kikuu miaka mingi, lakini aliendelea kuchora mashine mpya. Mwaka 1889 aliomba hataza ya taipureta yenye mpangilio tofauti kabisa wa herufi. Ilitolewa 1896, yeye akiwa kaburini. Alifariki Milwaukee Februari 17, 1890, bila utajiri mkubwa. Kufikia hapo mashine yake ilikuwa imeanza kuwafungulia wanawake milango ya ofisi zilizokuwa za wanaume watupu. Binti yake, Lillian, alikuwa kati ya watu wa kwanza kuitumia.

Dunia ilibaki na herufi ambazo mwenyewe alitaka kuzibadilisha. Huwezi kuzipanga upya ukiwa saiba, na dakika zinahesabiwa. Unachoweza ni kujua kila kitufe kinafanya kazi ngapi. Anza na Shift na F3 kwenye barua yako ijayo ya kuomba kazi.