Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi nchini Uganda kati ya miaka 1946 na 1966. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Maisha

Alizaliwa Enniskillen, leo katika Ireland ya Kaskazini. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alihitimu udaktari huko Dublin mwaka 1935. Baada ya kutumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alipangiwa kazi Lira, halafu hospitali ya Mulago, Kampala.

Utafiti

Mwaka 1957 aliona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye, mjini Jinja, aliona mwingine mwenye uvimbe wa taya na wa tumbo pia. Akatambua kwamba vimbe zilizodhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali zilikuwa ugonjwa mmoja, akachapisha maelezo yake mwaka 1958.

Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na madaktari wenzake wawili kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza habari za ugonjwa huo hospitalini. Ulionekana katika maeneo ya joto na mvua, yaani yale yenye malaria nyingi. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake walitangaza kugundua virusi ndani ya seli za uvimbe kutoka Uganda; sasa vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Burkitt aliona pia kwamba watoto kadhaa walipona kwa muda mrefu baada ya dozi moja au mbili tu za dawa. Alihisi kwamba kinga ya mwili ilichangia kuangamiza uvimbe.

Seli T na malaria

Virusi hivyo hukaa ndani ya seli B za damu. Kwa kawaida seli T hudhibiti seli zilizoambukizwa: zikitambua vipande vya protini za virusi na kupata ishara ya pili ya kuziamsha, huongezeka na kuua. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha ulinzi huo.

Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini, Tanzania, eneo lililojumuisha Tarime, walipewa klorokwini. Wagonjwa wa limfoma walipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya mradi. Hivyo haukutoa uthibitisho kamili.

Siku hizi baadhi ya dawa za saratani huzuia vipokezi kama PD-1, vinavyofanya kazi kama breki za seli T.

Miaka ya mwisho

Baada ya kurudi Uingereza, Burkitt alihimiza watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki huko Gloucester.