Korczak: Mlezi aliyekubali kushtakiwa na watoto

NI nadra mwalimu kukubali kuhukumiwa na watoto anaowalea. Janusz Korczak, daktari na mwandishi wa Poland, alikubali.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Henryk Goldszmit, mwana wa familia ya Kiyahudi ya Warsaw. Babake, wakili, alifariki mwana angali shuleni, ikambidi kijana huyo kufundisha watoto wa matajiri nyumbani mwao ili kuwakimu jamaa zake. Baadaye alisomea udaktari wa watoto, na mnamo 1912 akawa mkuu wa makao mapya ya mayatima katika barabara ya Krochmalna, akisaidiana na Stefania Wilczyńska.

Humo aliunda mahakama ya watoto. Mahakimu walipatikana kwa kura miongoni mwa watoto wasiokuwa na kesi wiki hiyo. Vifungu 99 vya mwanzo vya sheria zao vilikuwa vya kusamehe. Kifungu cha 1000, cha mwisho, ndicho kilichoruhusu kumfukuza mtu. Mtoto aliweza kumshtaki mwenzake, au hata mlezi. Korczak mwenyewe alifikishwa mbele yao zaidi ya mara moja. Kosa mojawapo lilikuwa kumshuku msichana kwamba ameiba.

Sisi tuliosoma enzi za kiboko twaweza kuona huo kuwa mchezo. Haukuwa mchezo. Korczak aliamini kwamba mtoto hawezi kumheshimu kwa dhati mtu mzima asiyewajibika kwake, na kwamba heshima inayotokana na hofu hutoweka mara tu mwalimu anapogeuka.

Mnamo 1926 alianzisha gazeti la kila wiki, Mały Przegląd, lililoandikwa na watoto wenyewe. Lilidumu hadi vita vilipozuka mnamo Septemba 1939.

Mwaka uliofuata, utawala wa Hitler uliwafungia Wayahudi wa Warsaw katika mtaa uliozungushiwa ukuta. Makao yakahamishiwa humo. Daktari huyo, sasa mgonjwa na mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, alizunguka kila siku akiwaombea watoto chakula.

Marafiki walimtafutia njia za kutoroka, akazikataa zote. Mapema Agosti 1942, askari walipokuja kuwachukua watoto wapatao 200, Korczak na Wilczyńska walitembea nao hadi kituo cha treni. Wote walipelekwa Treblinka, wakauawa.