Mtakatifu Yoane Bosco, Kiongozi wa Vijana Tangu Utoto Wake



Katika vijiji vingi chama cha vijana huanza kwa shangwe, kisha hufa upesi. Siku ya kwanza watoto huja wengi, huimba na kupiga mpira. Baada ya miezi michache uwanja umeota majani, na mwalimu wa dini amebaki peke yake na huzuni yake. Watu husema kwamba vijana ni wavivu. Lakini pengine sababu ni nyingine: vijana hawakupewa kazi yoyote ya kweli katika chama kile, ila kuitika na kutii tu. Tuyatazame basi maisha ya Mtakatifu Yoane Bosco. Wengi wanamjua kuwa padri wa mji mkubwa wa Torino, baba wa yatima. Wachache wanajua kwamba kundi lake la kwanza lilikuwa la kijijini, na kwamba kiongozi wa kundi hilo alikuwa mtoto maskini wa mkulima.

Yoane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, kilicho juu ya kilima katika nchi ya Piemonte, upande wa kaskazini wa Italia. Watu wa huko walilima ngano na mizabibu, wakafuga ng'ombe wachache. Yoane hakupata bahati ya kumjua baba yake vizuri, kwa maana alikufa mwaka 1817, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, alibaki na watoto watatu: Antonio, mtoto wa mke wa kwanza wa marehemu, kisha Giuseppe, na Yoane aliye mdogo wao. Margherita hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijua sala na katekisimu kwa moyo, akawafundisha wanawe kumwona Mungu katika nyota za usiku na katika mavuno ya shamba.

Yoane alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, aliota ndoto ambayo hakuisahau mpaka kufa. Aliona kundi kubwa la watoto wakigombana na kumtukana Mungu, naye akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe. Ndipo alipotokea Bwana mmoja mwenye utukufu, akamfundisha kwamba watoto wale watapatikana kwa upole na mapendo, si kwa mapigo. Akamwonyesha Mama mtukufu atakayekuwa mwalimu wake. Asubuhi watu wa nyumbani walicheka, kila mmoja akaifasiri ndoto kwa namna yake. Yoane alinyamaza, lakini akaanza kazi.

Alianzaje? Siku za soko na sikukuu alikwenda kuwatazama wacheza sarakasi, akaangalia kwa makini kila tendo la mikono na miguu yao. Akirudi nyumbani alijizoeza peke yake, akaanguka mara nyingi, akainuka tena. Mwishowe aliweza kutembea juu ya kamba, kupinduka hewani, na kufanya viinimacho vya kila namna. Siku ya Dominika alifunga kamba kati ya miti miwili uwanjani Becchi, na watu wa jirani, wakubwa kwa wadogo, wakakusanyika. Kiingilio chake hakikuwa fedha. Kwanza wote walisali rozari pamoja naye, kisha walisikiliza mahubiri ya padri ya asubuhi ile, ambayo mtoto aliyarudia kwa kumbukumbu yake njema. Asiyetaka kusali hakuruhusiwa kutazama mchezo. Fedha kidogo zilizohitajiwa kwa vifaa alizitafuta mwenyewe kwa kutega ndege na kuokota uyoga na kuviuza.

Tuone neno hilo vizuri. Hakuna mkubwa aliyemwagiza mtoto yule. Lakini mama yake alimruhusu, akamwachia uwanja na wakati, wala hakuona haya kwa michezo yake. Mtoto akajifunza kupanga, kuongoza, kunyamazisha ugomvi na kusema mbele ya watu. Uongozi wake wote wa baadaye uliota mizizi katika majani ya uwanja ule.

Lakini njia haikuwa nyepesi. Antonio, kaka yake mkubwa, aliona vitabu kuwa uvivu. Yeye mwenyewe alikuwa amekua na nguvu bila kusoma. Kwa nini mdogo wake asishike jembe? Ugomvi ulizidi nyumbani, hata mama kwa uchungu mkubwa akamtoa Yoane aende kutafuta kazi kwa watu wengine. Ilikuwa mwezi wa Februari 1828, wakati wa baridi kali, naye alikuwa na miaka 12 tu. Alifika kwa jamaa ya Moglia, wenye shamba kubwa, akawasihi wampokee awe mchunga ng'ombe. Alikaa huko karibu miaka miwili. Huko nako, siku za Dominika, aliwakusanya watoto wa jirani darini mahali pa kuwekea majani makavu, akawafundisha katekisimu. Mtumishi mdogo asiye na kitu alikuwa tayari mwalimu wa dini.

Mwaka 1829 padri mmoja mzee, Padri Calosso, alimpenda akaanza kumfundisha. Baada ya mwaka mmoja mzee yule alikufa ghafula. Kabla ya kufa alimkabidhi Yoane ufunguo wa sanduku la fedha zake, ili aweze kuendelea na masomo. Yoane aliwarudishia jamaa za marehemu ufunguo ule, asichukue hata senti moja, akabaki tena mikono mitupu.

Mwaka 1831 aliingia shule ya mji mdogo wa Chieri. Alikuwa na miaka 16, akaketi pamoja na watoto wadogo. Ili apate chakula na mahali pa kulala alifanya kazi nyingi, hata katika duka la kahawa. Ndipo mwaka 1832 alipounda pamoja na wenzake chama walichokiita Chama cha Furaha. Sheria zake zilikuwa chache. Kila mmoja ajiepushe na neno au tendo lisilomfaa mkristu. Kila mmoja atimize vizuri kazi zake za shule na wajibu wake wa dini. Na wote watafute michezo, vitabu na mazungumzo ya kufurahisha, na kufukuza kila jambo la kuleta huzuni. Walikutana kwa zamu nyumbani kwa wenzao, wakasaidiana katika masomo, wakaenda pamoja kwenye mafundisho ya dini siku ya Dominika.

Siku moja mcheza sarakasi alifika Chieri, akafanya michezo yake wakati wa ibada, hata wanachama wengine wakaanza kuliacha kanisa. Yoane alijaribu kumwomba abadili saa, lakini mtu yule alicheka na kujisifu. Basi wakashindana mbele ya umati: kukimbia mbio, kuruka mfereji, kuchezesha fimbo mkononi, na kupanda mti mrefu. Mara nne Yoane alishinda, na mcheza sarakasi akapoteza fedha zake zote. Vijana hawakutaka kumwangamiza. Walimrudishia fedha, naye akawalipia chakula cha pamoja katika nyumba ya wageni, akaahidi asisumbue tena ibada. Hivyo ndivyo kiongozi wa kweli anavyoshinda: adui akaondoka akiwa na fedha zake, na vijana wakarudi kanisani.

Yoane aliingia seminari mwaka 1835, akapata upadri tarehe 5 Juni 1841 huko Torino. Katika mji ule aliona jambo la kutisha: vijana wengi waliotoka vijijini, waashi na wachukuzi, hawakuwa na wazazi, wala kazi ya hakika, wala mtu wa kuwafundisha, wengine walikuwa wamekwisha kufungwa gerezani. Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria, alimpokea katika sakristia kijana yatima aliyekuwa amefukuzwa kwa fimbo na mtunza sakristia, akaanza kumfundisha ishara ya msalaba. Kijana yule akaleta wenzake. Kundi likakua, likafukuzwa hapa na pale kwa sababu ya kelele, mpaka Pasaka ya mwaka 1846 walipopata banda duni mahali panapoitwa Valdocco. Mwaka ule ule mama Margherita, mwenye miaka 58, aliiacha nyumba yake ya Becchi akaja kuwa mama wa watoto wale wote.

Hapa, wasomaji wapenzi, tunafika kwenye shida yenyewe. Padri Bosco alikuwa na vijana mamia, lakini wasaidizi walikuwa haba. Mapadri na mabwana waliokuja kumsaidia wengi walichoka wakaenda zao, au waligawanyika kwa sababu ya siasa. Akatambua kwamba wasaidizi wa kudumu lazima watoke katika vijana wenyewe. Mwaka 1849 alichagua wanne, akawafundisha kwa bidii ili wawe mapadri wa kumsaidia. Matumaini yake hayakutimia jinsi alivyotaka: wawili wakawa mapadri wa jimbo, mmoja akaoa, na mmoja tu akabaki naye kama ndugu msaidizi. Mtu mwingine angekata tamaa na kusema vijana hawategemeki. Yeye alianza tena na wengine.

Mwaka 1854 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Torino. Watu walikimbia, wagonjwa wakaachwa bila mtu wa kuwapa hata maji. Padri Bosco aliwaomba vijana wake wajitoe. Siku ile 14 walijitoa, na baada ya siku chache wengine 30. Walifundishwa namna ya kujilinda, wakagawanywa katika nyumba na hospitali za muda. Margherita alitoa mashuka yote ya nyumba, hata vitambaa vya altare, ili wagonjwa wafunikwe. Vijana wale waliosemwa kuwa takataka za barabara waliwahudumia watu wa mji, wala hakuna hata mmoja aliyeugua. Tangu siku zile Torino iliwatazama kwa macho mengine.

Miaka miwili baadaye tendo kubwa zaidi lilifanyika, na mwenye kulianzisha alikuwa kijana wa miaka 14, Domenico Savio, mtoto wa fundi wa kijijini. Tarehe 8 Juni 1856, yeye na wenzake wachache walisoma mbele ya altare ya Bikira Maria sheria za chama walichokianzisha wenyewe, Chama cha Imakulata. Walikutana kila juma kwa muda mfupi. Kila mwanachama alikabidhiwa kijana mmoja au wawili walio wagumu, au wageni, au wenye huzuni, ili awe rafiki yao na malaika wao mlinzi. Padri Bosco alitazama, akashauri, akaacha vijana waendeshe. Domenico alikufa tarehe 9 Machi 1857, lakini chama chake hakikufa. Tarehe 18 Desemba 1859, Padri Bosco alipounda Shirika la Wasalesiani, walikutana watu 18 tu chumbani mwake, na karibu wote walikuwa vijana waliolelewa naye, wengi wao kutoka chama kile. Michele Rua, mwenye miaka 22, alichaguliwa kuwa kiongozi wa roho wa shirika. Baadaye ndiye aliyerithi mahali pa Padri Bosco. Giovanni Cagliero, mwenye miaka 21, alichaguliwa kuwa mshauri. Mwaka 1875 aliwaongoza wamisionari wa kwanza kwenda Argentina.

Padri Bosco hakuvisahau vijiji. Kila mwaka, wakati wa mavuno ya zabibu, alitembea na vijana wake juu ya vilima, wakipiga tarumbeta na kucheza michezo ya kuigiza. Mwezi wa Oktoba 1864 walifika kijiji cha Mornese. Huko alimkuta Maria Mazzarello, mwanamke mkulima aliyepoteza nguvu za shamba kwa homa kali ya mwaka 1860. Badala ya kulia bahati yake, Maria alijifunza kushona, na pamoja na rafiki yake akawakusanya wasichana wa kijiji wajifunze kushona, kusali na kucheza. Kutoka katika chumba kile cha ushonaji lilizaliwa, mwaka 1872, Shirika la Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristu.

Padri Bosco alikufa tarehe 31 Januari 1888, na mwaka 1934 Baba Mtakatifu Pio XI alimtangaza kuwa mtakatifu. Wanawe walifika katika nchi yetu ya Kongo mwaka 1911, wakiongozwa na Padri Joseph Sak kutoka Ubelgiji, wakafungua shule huko Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi.

Basi ninyi walimu wa dini na wazee wa kapela za vijijini, msingoje nyumba kubwa wala fedha nyingi. Kamba moja na miti miwili vilitosha Becchi. Mpeni kijana mmoja kutunza mpira, mwingine kuandika majina, mwingine kuwatembelea wagonjwa, mwingine kufundisha wadogo sala. Akikosea, mwonyesheni kwa upole, kisha mrudishieni kazi yake. Wakiwaacha watatu katika wanne, anzeni tena na yule aliyebaki. Na ninyi vijana, msingoje mpaka muwe wakubwa. Mtoto mchunga ng'ombe aliwafundisha wenzake darini, na mvulana wa miaka 14 aliacha chama kilichodumu kuliko maisha yake.

Mtakatifu Yoane Bosco, baba na mwalimu wa vijana, utuombee.